Maua Meupe ya Ukingoni mwa Mfereji

Krismasi ikikaribia, ndugu zetu wa Dar hupanda mlimani na hamu ya ajabu ya kulima. Desemba iliyopita shangazi mkubwa hakusubiri hata chai. Alimwambia bibi, "Mama, nipe jembe, kihamba kimejaa magugu," akazama kwenye migomba ya shamba hilo la nyumbani na raba zake nyeupe.

Moyo ulinilipuka. Alikuwa anaelekea ukingo wa mfereji, kwenye vimimea vyangu. Jina lake silijui. Mwalimu wa Baiolojia alisema tu ni ndugu wa mrehani, ndiyo maana shina lina pembe nne. Vinafika gotini, na vimaua vyake vyeupe vimelizunguka shina kama kola ya sare. Ukichomoa kimoja ukanyonya kitako chake, unapata tone tamu. Likizo nzima pale ndipo nilipokuwa najificha, maana mimi wageni wakifika hata shikamoo inanikwama kooni.

Jembe likapanda juu.

"Shangazi, hapana!"

Sauti ilitoka kubwa hadi baba mdogo, aliyekuwa anachuna mbuzi, akageuka.

"Heee! Kumbe huyu anaongea!" shangazi akasema, jembe bado liko hewani. "Haya, niambie. Kuna nini kwenye gugu?"

Nikachuma ua, nikampa. "Nyonya."

"Yaani nile majani kama mbuzi?"

"Siyo kula. Nyonya huku nyuma."

Akanyonya. Akachuma la pili mwenyewe, kisha akaita, "Jamani wadogo zangu, njooni! Kuna sukari huku!"

Wakaja shangazi wengine wawili na watoto wao. Punde wote walikuwa wamechuchumaa, wakisukumana.

"Wewe, hilo nimeliona mimi!"

"Mnapalilia au mnachunga?" bibi akapaza sauti kutoka jikoni.

Na mimi, bila kujijua, nikawa mwalimu. Lililofunguka asubuhi hii ndilo tamu, nikawaambia. Lililolegea achana nalo, nyuki ameshapita. Nadhani niliongea zaidi ya muhula mzima.

Kufikia mchana hakikubaki kimaua hata kimoja. Mashina yalisimama uchi, na nyuki wakazunguka tu wakishangaa. Shangazi akayatazama, akaona aibu kidogo.

"Tumekumalizia."

"Yatafunguka mengine kesho asubuhi," nikasema.

Akatupia jembe begani. "Basi uniamshe mapema, kabla hawa hawajaamka."