Kona Iliyoliwa na Panya

Watoto walimpachika jina Mzee Nukta, wala hakuchukia. Miaka thelathini alifundisha piano sebuleni kwake, na kila mwanafunzi alianza na muziki ule ule wa fundi mmoja wa kale, marehemu wa zamani sana. Ukiongeza hata nota moja ya kwako, penseli inakushukia vidoleni. "Wewe nani umsahihishe marehemu?" anafoka.

Sasa siri yake ni hii. Kitabu chenyewe alikinunua mtumba, na panya alikuwa ameshakula kona ya ukurasa, pale muziki ule unapoishia. Nota nne hazipo. Mwalimu, kijana wakati huo, akabandika kipande cha karatasi, akabuni nne za kwake, za muda tu, mpaka apate kitabu kizima. Hakukitafuta ng'o, na kwa kuzifundisha kila siku akasahau kwamba ni zake!

Basi ukaja wimbo mpya wa vijana: chini ngoma tupu, juu yake muziki wa marehemu. Ukashika mji. Kinyozi anauimba, muuza maji anauimba. Hata mkewe, ambaye miaka yote piano ilimpa kipandauso, akawa anaupiga mluzi huku akipiga pasi. Akifika pale kwenye kona, anafumba macho.

"Hapa ndipo wananimaliza," anasema.

"Wezi wakubwa hao!" Mwalimu akang'aka. Akaiandikia redio barua ya kurasa tatu, akidai muziki wenyewe wa marehemu uwekwe hewani ili watu wajue nani kaibiwa.

Redio nao hawakuwa na hiyana. Jumamosi asubuhi mtangazaji akaisoma barua yote, akaweka santuri ya muziki huo wa marehemu. Mwalimu alikuwa amevaa tai, eti anasikiliza redio! Muziki ukaenda vizuri, ukafika kwenye kona. Nota zake nne hazikuwamo. Zilikuwamo nyingine, za kawaida kabisa.

"Mwalimu kasema kweli, wamechukua," mtangazaji akasema. "Isipokuwa zile nota nne za mwisho. Hizo marehemu hakuwa nazo. Na bila hizo, jamani, kuna wimbo hapo?"

Mkewe akaweka pasi chini. Miaka thelathini alizisikia kupitia ukuta.

"Mume wangu, zile si zako?"

"Zangu wapi?"

"Sema ni zako, nikawatangazie majirani!"

Hapo ndipo penye kazi. Akizidai, nusu ya mtaa, watu wazima na ndevu zao, watakuja kudai vidole vyao alivyovichapa. Asipozidai, kitu pekee alichowahi kutunga maishani kimeondoka na mwanafunzi fulani aliyekariri vizuri kuliko wote. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka, na papo hapo furaha ikamjaa.

Akaenda kwenye piano, akafungua kitabu kwenye kile kibandiko kilichopauka, akachomoa penseli sikioni. Chini ya nota nne akaandika jina lake, kwa herufi ndogo, taratibu.

"Wino upo," mkewe akasema begani kwake.

"Wino utasubiri," akajibu.