Kikohozi cha Baba Mkwe

Filamu yangu ya kwanza ya kutisha ilichekwa. Nalisema bila haya, kwa sababu mtu mwenye stashahada ya filamu, aliyejilipia ada mwenyewe kwa kupiga picha za harusi Dar es Salaam, anaweza kuchekwa mara moja asipungukiwe kitu. Mzimu wangu ulipotokea kwenye skrini ya banda la video hapa Tukuyu, kijana mmoja alipaza sauti, "Dairekta, mjomba wako kamwagiwa sembe!" Banda zima likaangua kicheko.

Nikajiwekea sharti: wakiicheka na ya pili, narudi Dar. Bosi wangu wa zamani alikuwa bado ananishikia nafasi, nami sikuitaka. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutengeneza filamu, si kupiga picha za keki.

Safari hii niliandika vizuri, na sioni sababu ya kulificha hilo. Mwanamke yuko peke yake katika nyumba iliyozungukwa na migomba. Mumewe amesafiri. Marehemu mwenye nyumba anarudi. Nafasi ya mzimu nilimpa mkulima wa Masukulu, mzee mrefu mwenye macho mazito. Ya mwanamke nilimpa muuza vitenge wa Kiwira, dada ambaye hofu humjaa usoni kabla hujamwambia aogope. Nilimtafuta kila mmoja kwa wakati wake.

Siku ya kurekodi, mzee alipoingia tu uani, yule dada alitupa ufagio, akajifunika kitenge kichwani, akatokomea migombani.

"Kata! Dada, bado hatujafika pa kukimbia!"

"Kaka, huyo ni baba mkwe wangu!" akajibu kutoka huko huko. "Unataka nikae naye chumba kimoja?"

Mzee naye alikuwa ameshageuka, anaelekea barabarani. "Mwe! Msomi huyu anataka kunifungia ndani na mkamwana wangu!"

Kwetu Wanyakyusa, mkamwana humkwepa baba mkwe. Familia nyingi siku hizi zimelegeza. Yao haijalegeza. Mila hiyo naijua, nimezaliwa nayo, lakini ni dairekta gani anayewauliza waigizaji wake wameolewa kwa nani?

Waigizaji wengine sikuwa nao. Nikakaa jikoni, kompyuta mapajani, nikaandika upya, na hapo ndipo stashahada yangu ilipofanya kazi. Mzimu hauonekani tena. Unakohoa tu. Kwanza mbali, migombani; kisha uani; kisha nyuma ya mlango. Mtazamaji anausikia, mwanamke hausikii, anaendelea kumenya ndizi. Sura ya mzimu haitishi kama kuungoja mlango ufunguke. Kikohozi cha mzee nilikirekodi asubuhi, akaenda zake shambani. Dada nikamrekodi mchana.

Jumapili, baada ya ibada, banda lilijaa. Kikohozi cha kwanza, watu bado wanapiga soga. Cha pili, kimya. Cha tatu, mama aliyekaa mbele yangu akavuta kanga kufunika uso, kana kwamba mkwe wake yuko mlangoni kweli.

"Dada, acha ndizi! Pita nyuma!" Alikuwa yule yule kijana wa sembe, amesimama juu ya benchi.

Hakuna aliyecheka. Sikushangaa, ingawa vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa kushika nguzo.

Jumatatu nilimpigia bosi, nikamwambia atafute mpiga picha mwingine.