Medali ya Kanyinda kwenye Sanduku la Gaston

Pampu yako ikikataa kuwaka hapa Dilala, utaelekezwa kwa Tata Kanyinda Tshilombo. Wachimbaji wanamletea pampu ya kukaushia shimo, anaitikisa, anaisikiliza, anasema, "Hii haijakufa, imenuna tu." Injini alijifunzia kwenye boti ya jeshi kule Kalemie ziwani, maana mzee huyu alikuwa baharia. Ndiyo, baharia anayekaa Kolwezi, mji wa migodi. Cheka tu, hata yeye anacheka.

Siku ya vita ziwani, nahodha alipopigwa risasi, Kanyinda ndiye aliyeshika usukani akafikisha watu kumi na tisa nchi kavu. Akapewa medali ya ushujaa. Mwenzake, Gaston Kabasele, alikuwa amejificha chini ya turubai. Kanyinda hakumwambia mtu, miaka karibu thelathini. Walihamia huku pamoja, wakawa majirani, wakala bukari, ugali wa huku, sahani moja kila Jumapili.

Mwaka jana Gaston akafa. Mjane wake, Mama Angèle, akaja asubuhi, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Tata Kanyinda, askari habazike hivi hivi. Unikopeshe ile medali, tuiweke juu ya sanduku. Kesho kutwa nitakurudishia."

"Chukua, mama. Gaston ni ndugu yangu."

Basi medali ikalazwa kwenye kitambaa chekundu juu ya sanduku, na Mechack, mtoto mkubwa, akasimama kusoma maisha ya baba yake. Kanyinda akasogeza kiti asikie vizuri. Akasikia nahodha anapigwa, Gaston anashika usukani, watu kumi na tisa wanapona. Na chini ya turubai, nani analia?

"Rafiki mumoja," kijana akasoma, "Papa alitukataza kutaja jina yake."

Wote wakamgeukia Kanyinda.

Waliporudi kutoka makaburini, Mechack akamshika bega, kwa upole wa kweli. "Tata, usijali. Papa alitukataza kukucheka. Na merci kwa kumutunzia medali yake hii miaka yote."

Kumbe ndivyo Gaston alivyokuwa akiwasimulia wanawe, kila alipotoka kula na mwenzake.

Kanyinda akamwendea Mama Angèle. "Mama, ambia batoto ile kitu ulikuja kukopa kwangu."

Watoto wakamwangalia mama yao. Naye akakaza kitenge kiunoni, macho chini.

"Tata, tuko mu kilio. Unataka nizike baba yabo mara mbili?"

"Na mi, mama? Mi unanizika mara ngapi?"

Mechack alikuwa amekwisha kuifunga medali ndani ya kitambaa na kuitia mfukoni, akidhani mzee amechanganyikiwa kwa uchungu.

Chakula kilipoletwa Kanyinda hakukigusa. Akatoka, akasimamisha mota, pikipiki ya abiria, barabarani, akaenda.

"Munaona?" mama mmoja wa parokia akanong'ona. "Haya imemushika."

Na watu, kwa mioyo yao mizuri, wakamwonea huruma.