Pengo Kwenye Benchi la Nanyuki

Kama uliingia nyumba ya mtu Nyeri miaka ile ya sabini, ukaona ukutani picha ya mnara wa mawe wa mjini, jioni, taa zimewaka, na Mlima Kenya umesimama nyuma yake na theluji yake yote, basi uliona kazi ya mkono wangu. Niliacha shule darasa la tatu. Wale niliowaacha darasani wakawa makarani, na wote walikuja studio yangu kupigwa picha za kitambulisho. Nikawaambia wainue kidevu, wakainua.

Picha za mchana kila mtu alizipiga. Mimi nilikuwa mtu wa jioni. Huku kwetu mlima hushinda umejifunika mawingu, hujifunua asubuhi na jioni tu, na jioni ndipo mji hupendeza, maana matope hayaonekani na maduka yanaanza kuwasha taa. Lakini mwanga wa saa hiyo ni mchache. Kamera lazima ikae juu ya miguu mitatu, uiache wazi kwa muda, na kila anayetembea anapotea. Nimewahi kupiga barabara iliyojaa watu wakitoka sokoni, ikatoka tupu kabisa. Katika picha ya jioni hubaki aliyetulia.

Na ukisimama mbele ya ule mnara, mlima hauko nyuma yake. Mimi ndiye niliuweka. Niliupiga kutoka upande wa Mweiga, nikaukata kwa mkasi, nikaubandika nyuma ya mnara, nikaufuta mshono kwa brashi nyembamba ya wino, halafu nikapiga picha ya picha. Hakuna aliyeuona mshono. Hata mimi siku hizi nautafuta siuoni.

Basi siku moja akaja mama mmoja amejifunga mtandio mweusi, mtu wa Nanyuki. Mume wake alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, na kule Doldol fahali alimbana kwenye gari akamvunja paja. Sasa alikuwa amelazwa hospitali hapa Nyeri, mguu umening'inizwa kwa kamba, na hakuruhusiwa kushuka kitandani mpaka mfupa ushike.

"Hataki kukaa," mama akaniambia. "Kila siku ananiambia nifunge nguo twende nyumbani kwa mganga wa mifupa. Na daktari amesema akishuka sasa, mguu huo hautamfaa tena. Nipe picha ya kumtuliza macho, baba. Anatazama ukuta tu."

Nikampa mnara na mlima, ile kubwa. Kesho yake akairudisha.

"Iko na shida gani?" nikauliza.

"Anauliza nani ameleta mlima hapo."

Nikafunga studio nikaenda mwenyewe. Nilimkuta mzee mwembamba, ndevu nyekundu za hina, mguu juu kama mlingoti.

"Wewe ndiye fundi?" akasema. "Nimelala hapa siku nyingi, lakini sijapoteza akili. Ule mnara nimepita chini yake na ng'ombe mara ngapi, sijauona mlima hapo. Halafu huo ni mlima wa Nyeri. Wa kwetu una sura nyingine."

"Mzee, mlima ni mmoja."

"Na ng'ombe ni ng'ombe. Lakini ukiniletea wa mtu mwingine nitamjua."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka mpaka akashika mbavu. Mzee akaeleza. Jioni, kabla ya adhana ya magharibi, yeye na wenzake hukaa kwenye benchi mbele ya duka la ngozi, Nanyuki, wakiangalia taa zikiwashwa barabara nzima na mlima ukibaki wa mwisho kuingia giza. Wenzake walikuja kumwona mara moja tu, wakarudi kwenye minada.

"Biashara haingoji mtu," akasema, safari hii bila utani. "Nikichelewa hapa, nitakuta mwingine amekaa pangu."

Nikamwambia nitamletea Nanyuki yote mpaka kitandani. Mimi nikisema jambo nalifanya, hilo liulize popote.

Jioni ya kwanza Nanyuki mawingu hayakutoka. Nikalala huko. Jioni ya pili mlima ukavua nguo wote, theluji imeshika wekundu, na taa za maduka zikaanza. Wazee walikuwa wanne kwenye benchi, wawili huku na wawili kule, katikati pengo.

"Sogeeni hapo katikati," nikawaambia. "Mmekaa kama meno yaliyong'oka."

"Wewe piga," akajibu mwenye kofia ya kufuma. "Adhana ikilia utabaki unapiga benchi."

"Sogeeni kidogo tu, wazee wangu, picha iwe na sura."

"Sura utatengeneza Nyeri. Tumesikia huko mnahamisha milima."

Hawakusogea. Nikawaomba wasitikisike, nikafungua kamera. Baiskeli ilipita na taa yake, kwenye picha ikabaki mstari mwembamba wa mwanga peke yake. Wazee walitulia kama mawe. Nikafunga, na adhana ikalia.

Kazi yenyewe ilikuwa katika chumba cha giza. Theluji ilikuwa na mwanga mwingi na barabara haina, na karatasi ya picha huwa nyeusi kadiri inavyopata mwanga; kwa hiyo ukiipa mwanga wa kuuchora mlima, barabara inakuwa masizi. Nilitumia viganja vyangu, nikiikinga barabara ipate mwanga kidogo, nikiuacha mlima unywe wa kutosha, mikono ikicheza bila kusimama ili kivuli kisiache alama. Hilo hakuna shule inayofundisha. Ikatoka picha ambayo mpaka leo sijaona ya kuishinda. Taa zinang'aa, mlima uko wazi, hata mafundo ya mbao za benchi unayaona.

Lakini pengo lile liliniuma macho. Nikachukua mkasi. Nikakata katikati, nikawasogeza wazee wakakaribiana bega kwa bega, nikaufuta mshono, nikapiga upya. Ikapendeza sana.

Mzee alipoipokea, uso ulifunguka. Akataja mlango baada ya mlango, akaonyesha nguzo iliyopinda ambapo hufungwa punda. Akaugusa mlima kwa kidole. "Huyu ndiye," akasema. Kisha kidole kikashuka kwenye benchi, kikatulia hapo muda mrefu.

"Wamebanana," akasema.

Mkewe akainama kuangalia.

"Nilikaa hapa katikati. Miaka yote hiyo, hapa." Akamgeukia mkewe. "Mama watoto, funga nguo. Kesho tunakwenda. Mguu ukiharibika na uharibike. Nikingoja upone sina pa kwenda kukaa."

Mama akanitazama. Nikatoka nusu mbio kuteremka mpaka studio, nikaweka ile filamu yenyewe kwenye mashine, nikachapa upya bila mkasi wala wino. Nikairudisha mbichi, nikiipepea njiani kama mtu anayefukuza nzi.

"Mzee, ile nilikata mimi," nikamwambia. "Hii ndiyo walivyokaa. Niliwaomba wasogee wakakataa."

Akaishika kwa pembe kwa sababu ya maji. "Uliwaomba?"

"Niliwaomba mara mbili. Yule wa kofia akanitukana."

"Huyo hutukana kila mtu," akasema, na midomo ikaanza kumcheza. Akalitazama lile pengo mpaka nesi akaja na dawa. Alizimeza bila ubishi, halafu akamwambia mkewe aitundike pale atakapoiona akilala chali.

Alikaa mpaka mfupa ukashika. Siku ya kurudi Nanyuki alipitia studio na fimbo, kwa miguu yake miwili, mkewe nyuma na mzigo. Kwenye dirisha nilikuwa nimeweka picha mbili: mnara na mlima, na ile ya benchi lenye pengo. Akasimama mbele ya ule mnara.

"Fundi," akasema, "huo mlima urudishe kwao."

Nilimwambia nitaurudisha. Hilo ndilo jambo moja nililosema nikaacha kulifanya, kwa maana ile picha ilikuwa inapendwa mno. Ile ya benchi watu walipita wakiniuliza kwa nini fundi kama mimi nimeacha nafasi katikati. Nikawaambia ina mwenyewe, na ameshafika.