Kifua cha Ukoo Wetu

Msinicheke sana. Nilipokuwa Dar niliwekewa matiti ya silikoni, nikarudi Same kimya kimya. Shangazi yangu akawa anajisifu kanisani, "Kifua hicho ni cha ukoo wetu!" Nami natabasamu tu.

Juzi juzi nikaota uvimbe kwapani. Hospitalini shangazi akaingia nami hadi chumbani. Daktari akauliza, "Umewahi kufanyiwa upasuaji?"

Shangazi akadakia, "Huyu? Hata jino hajawahi kung'oa!"

Nami, bwege mimi, nikanyamaza. Daktari akahofia saratani, akakata kinyama kikapimwe. Akina mama wa usharika wakafunga na kuniombea, wakaniletea makande sufuria kwa sufuria. Nikayala huku nikiwaza nani atarithi vitenge vyangu.

Jana majibu yakatoka. Daktari akatabasamu. "Si saratani. Ni silikoni iliyovuja ikaingia kwenye tezi za kwapani. Tutautoa mfuko uliopasuka, utapona."

Shangazi akapiga vigelegele hadi wauguzi wakachungulia. Akanikumbatia, akalia, akamshukuru Mungu. Kisha akaniachia taratibu, akakitazama kifua cha ukoo wetu.

"Mwanangu," akasema, "mfuko gani?"