Mbuzi wa Mama

Mimi ni mtu wa hasira. Nalisema mapema ili mtu asije akanisengenya baadaye kana kwamba amegundua siri. Hapa nyumbani Likasi, Kongo, watoto wangu walinipa jina la kiwanda cha shaba cha Shituru. Nikiamka vibaya walinong'onezana, "Leo Shituru inatoa moshi," kisha kila mmoja akatafuta ndoo ya kwenda kuchota maji mbali.

Nililelewa hivyo. Mama yangu alikuwa na neno moja kwa kila kilichomwingia moyoni: kasirani, yaani hasira. Baba akichelewa kurudi kutoka kiwandani, mama hakusema anaogopa, alisema ana kasirani. Ilipokuja habari kutoka kwao Kasai kwamba dada yake amefariki, alitupa sahani chini: "Niko na kasirani!" Neno hilo lilikuwa kama sufuria moja ya nyumba yenye watu wengi: ugali humo, maji ya kuoga humo. Nilipoolewa nikaondoka nayo.

Basi binti yangu wa mwisho akapata mchumba. Binti ni muuguzi, kijana ni fundi umeme wa familia ya Kikatoliki, watu wa makabila mchanganyiko wanaokaa mtaa wa Shituru, karibu na kiwanda. Nilimpenda kijana huyo tangu siku alipokula sombe yangu, yaani kisamvu, akaomba tena bila kuona haya. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka siku ya mbuzi.

Kwetu sisi wenye asili ya Kasai, hata sisi tuliozaliwa hapa na ambao Kasai yenyewe tunaisikia tu, mahari inaweza kupungua hapa na pale, lakini mbuzi wa mama hakosekani. Ni shukrani kwa tumbo lililobeba. Lazima aje mzima, kwa miguu yake, na mama aishike kamba kwa mkono wake mbele ya watu. Akiishika, amekubali binti aende. Asipoishika, hakuna ndoa.

Walikuja Jumamosi alasiri. Mjomba wa kijana akatoa hotuba ya Kifaransa ndefu kama misa ya Pasaka. Kisha shangazi yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, akaingia uani na mbuzi mweupe mwenye sikio moja la kahawia. Nikasimama. Niliiona kamba. Nyuma yake, mlangoni, nilimwona binti yangu katika kitenge kipya, anacheka huku ameziba mdomo kwa mkono, vile vile kama alivyokuwa na miaka mitano. Kitu kikapanda kutoka tumboni. Nikafungua mdomo, kikatoka kilichozoea kutoka.

"Mbuzi gani hii? Iko mugonjwa! Inakohoa! Muirudishe!"

Mbuzi hakuwa amekohoa. Nadhani yeye ndiye aliyeshangaa kuliko wote. Shangazi alisema tu, "Sawa, mama," akamgeuza, na ukoo mzima ukatoka nyuma yake. Kuku na samaki wa ziwa Tshangalele tuliowakaanga tangu asubuhi wakabaki mezani.

"Hasira hasara," alisema mume wangu, akajipakulia.

Mdomo uliponza kichwa. Kumrudisha mbuzi wa mama ni kumkataa mkwe, na mimi nililijua hilo kuliko wote waliokuwapo. Binti alinifuata chumbani. Hakuwa akilia, na hilo lilinitisha zaidi.

"Mama, kama haumupende, sema tu. Kesho nitamuambia asikuye tena."

"Ninamupenda."

"Basi weye iko na nini?"

"Niko na kasirani."

"Juu ya nini?"

Nikatafuta kosa la kijana, la mjomba, la shangazi. Sikupata hata moja, nami ni hodari wa kazi hiyo. Binti akakaa kitandani, akanishika kifundo cha mkono kama anavyowashika wagonjwa wake.

"Inaanzia wapi?"

"Minye haiko mugonjwa wako!" Mimi, mgonjwa?

"Inaanzia wapi, mama?"

"Mu tumbo."

"Inapanda?"

"Inapanda. Inafika hapa ku koo, inasimama."

"Na kasirani ya kila siku, ile ya maji kukatika, inafikaka wapi?"

Sikuwahi kuulizwa swali hilo maishani. Nikafikiri. "Ile inaendaka ku kichwa mara moja. Na ku mikono."

"Basi hii haiko kasirani. Iko kitu ingine. Ni woga?"

"Woga ninajua. Iko mu magoti."

Akangoja. Ana subira ya watu wanaowadunga watoto sindano. Na katika kungoja kwake nikajisikia nikisema, kwa sauti ambayo sikuitambua: "Asubuhi nani atakunywaka chai na minye?"

Kila asubuhi, kabla hajaenda kazini, tulikunywa chai sisi wawili kando ya mbabula, jiko letu la makaa, naye akawa ananiiga nilivyofoka jana mpaka nicheke. Hakuna mwingine nyumbani mwenye ujasiri huo.

"Ile njo uzuni, mama," alisema.

"Lakini ninafurahi pia."

"Furaha iko wapi?"

"Palepale."

"Zote mbili pa koo moja! Njo maana inakukaba."

Tukacheka, kisha tukalia. Mwanamke wa umri wangu, mwenye wajukuu, nilikuwa nakutana na huzuni yangu kwa jina lake kwa mara ya kwanza. Nilimwonea huruma mama yangu na ile sahani yake.

Jumapili baada ya misa nikashika njia ya Shituru peke yangu. Mume wangu alipinga. Mama hamfuati mbuzi, alisema, mbuzi ndiye humfuata mama, nitaharibu desturi. Nikamwambia nimeshaiharibu jana.

Shangazi alikuwa uani, anachambua maharagwe. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mpera. Shangazi hakunikaribisha kiti. Nikafungua mdomo.

"Mama, niko na kasirani..."

"Tena?"

"Hapana. Niache nianze upya. Niko na uzuni. Ule mutoto njo mwenye ananichekeshaka mu nyumba. Niliona kamba, nikasikia kutaka kulia, nikapata haya kulia mbele yenu. Mbuzi haikukohoa. Unisamehe."

Maneno hayo yalinibana kama viatu vipya. Shangazi alinitazama, akamtazama mbuzi, kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Minye nilishaoza batoto bane," alisema, akininyooshea vidole vinne. "Wa kwanza, nilisema mbuzi iko na pembe mubaya!"

Alicheka mpaka maharagwe yakamwagika. Kisha akanivutia kiti.

Alasiri hiyo tulitoka pamoja, shangazi, wanawake wa kwao na mimi, ili mbuzi aletwe upya kama desturi inavyotaka. Kwenye reli mbuzi akalala chini, akakataa katakata kuendelea. Tulimbembeleza. Tulimsukuma. Nikaanza kumfokea, na moto ukanipanda hadi kichwani, mikono ikatetemeka.

"Hii sasa njo kasirani!" nikapiga kelele, kwa furaha ya kuitambua. Wanawake walishikana wasianguke kwa kicheko. Mbuzi, labda kwa kuogopa, akasimama.

Uani kwetu shangazi akaanza mwanzo, kana kwamba Jumamosi haikuwapo. Mjomba, aliyekuwa ametufuata na kijana, akarudia Kifaransa chake, safari hii kwa ufupi, Mungu ambariki. Mbuzi akaletwa mbele yangu. Nikamwona binti mlangoni, na kile kitu kikapanda tena. Watu wote walikuwa wananitazama mdomoni.

"Mama," binti akaita mbele yao wote, "iko wapi?"

Nikagusa koo.

"Jina yake?"

"Uzuni," nilisema. "Na furaha. Zote mbili."

Nikalia kwa sauti, bila kufunika uso, na huku nalia nikanyoosha mkono nikaishika kamba.

Sasa binti anakaa na mumewe mji wa Kolwezi, na chai ya asubuhi nakunywa na simu. Huniuliza, "Leo iko wapi?" Mara nyingi najibu iko magotini, lakini si woga, ni uzee. Juzi alipiga akaanza kumfokea mume, jirani, umeme na mvua. Nikamwacha amalize.

"Inaanzia wapi, mama?" nikamuuliza; "mama" ndivyo tunavyowaita binti zetu pia.

"Mu tumbo. Inasimama ku koo."

Nikaweka kikombe chini.

"Lia basi," nikamwambia. "Minye niko hapa."