Kokila Awasha Moto wa Baba

Mjini Korogwe, Kokila alijulikana kuliko baba yake. Mzee Jayanti alipopooza, binti yake huyo ndiye aliyeshika duka la vipuri vya pampu na mashine za kusaga, akishinda na mafundi wa Ngombezi na Kwashemshi na kutaniana nao kwa Kishambaa. Wachumba walikuja, akawakataa. Watu wakasema mpaka wakachoka.

Mzee alifariki alfajiri ya Jumatatu. Kwa desturi yao Wahindu, maiti haicheleweshwi, na anayewasha moto ni mtoto wa kiume. Wanawake hubaki nyumbani. Kaka yake, Dilip, alikuwa Kanada. Alilia kwenye simu, akasema hata akipanda ndege leo hatawahi.

Baba yao mdogo, Pravin, alifika kutoka Tanga na neno lake tayari.

"Mwanangu Sanjay atashika moto. Wewe, Kokila, umeshafanya ya kutosha."

"Miaka yote hii nani alikuwa anamgeuza kitandani, baba mdogo?"

"Hilo silibishi. Lakini kule hawaendi wanawake."

Mhina, jirani Mzigua aliyeleta mabenchi ya wageni, alikohoa. "Hata kwetu hawaendi makaburini. Ila haya ni yenu wenyewe. Mimi nimekuja kumbeba mzee."

Macho yote yakamgeukia mama, Hansa, aliyekaa sakafuni amejifunika pindo la sari.

"Shemeji," alimwambia Pravin, "baba yangu alipofariki nilibaki mlangoni nasikiliza gari likiondoka naye. Kokila atawasha. Na mimi nakwenda."

Pravin alitikisa kichwa, akatoka nje. Lakini kule kando ya mto, penye kuni zilizopangwa, Kokila aliposita na mwenge mkononi, ni yeye aliyemsogelea, akamwonyesha upande wa kuanzia na mahali pa kumimina samli. Kokila akauweka moto. Joto lilipompiga usoni alirudi nyuma, akamshika mama yake mkono, wakasimama hapo hadi mwisho.

Baadhi ya jamaa hawakutokea matangani, na wengine hawajamsamehe mpaka leo. Dilip alifika wiki ileile. Dada yake alimpeleka mtoni, wakamwaga majivu pamoja. Walipokuwa wakipanda ukingo, Dilip aliuliza kama hakuogopa.

"Niliogopa sana," alisema Kokila. "Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Niliogopa kuni hazitashika moto."